Leza ya mishipa ya miguu: Maumivu ya kutarajia na dalili za kukimbilia hospitali

Mtu anayetibiwa mishipa ya miguu iliyovimba kwa njia ya leza huingia chumba cha tiba akitembea na hutoka akitembea, siku hiyo hiyo. Hapasuliwi kinena, halazwi wodini, na mara nyingi hapewi hata dawa ya usingizi. Ndiyo maana tiba hii, ambayo daktari Carlos Boné wa Hispania aliitolea taarifa ya kwanza mwaka 1999 na Marekani ikaidhinisha mashine yake mwaka 2002, imechukua nafasi ya upasuaji wa zamani wa kung'oa mshipa katika nchi nyingi. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa Julai 2013 unawataka madaktari waanze na tiba ya joto, yaani leza au mawimbi ya redio, kabla ya kufikiria kisu.

Wepesi huo umeleta kasoro katika namna tiba inavyoelezwa kwa watu. Matangazo mengi huisifu kwamba haiumi, haiachi kovu na haina madhara. Ukweli ni kwamba leza huziba mshipa kwa kuuchoma kutoka ndani, na mwili uliochomwa lazima uume kidogo kabla haujapona. Madhara yapo. Mengi ni madogo na huisha yenyewe, machache hukaa muda mrefu, na mawili matatu yanaweza kuhatarisha maisha yasipowahiwa.

Mgonjwa ana haki ya kuyajua yote kabla hajatia saini fomu ya ridhaa. Aliyeelezwa mapema hatapata hofu siku ya tano paja litakapoanza kuvuta, na hatapuuza siku atakayoona kigimbi kimevimba na pumzi inakata. Asiyeelezwa anaweza kufanya kinyume: akakimbilia hospitali kwa jambo la kawaida, akakaa nyumbani kwa jambo la hatari.

Mshipa unavyoharibika

Damu inayotoka miguuni kurudi moyoni husukumwa juu na misuli ya vigimbi kila mtu anapopiga hatua. Ndani ya vena, ile mishipa inayorudisha damu, kuna vali ndogo zinazoizuia isiteremke. Vali zikilegea, damu hurudi chini na kutuama, ukuta wa vena hutanuka, na hatimaye mshipa hujikunjakunja na kutokeza juu ya ngozi.

Walimu, wauguzi, walinzi, vinyozi, mama lishe na wote wanaosimama kutwa wanaijua adha yake: mguu mzito jioni, ngozi inayowasha, kifundo kilichovimba, misuli inayokaza usiku wa manane. Ujauzito, unene, umri na urithi wa ukoo huongeza uwezekano wa kuupata ugonjwa huu. Ukiachwa miaka mingi, ngozi ya juu ya kifundo cha ndani hugeuka nyeusi na ngumu, kisha hupasuka na kuwa kidonda ndugu.

Kwa hiyo kutotibiwa nako kuna madhara yake. Utafiti uliofanyika Uingereza na kutangazwa mwaka 2018, uliohusisha wagonjwa 450 wenye vidonda vya aina hiyo, ulionyesha kuwa miongoni mwa waliozibwa vena mapema, nusu walikuwa wamepona ndani ya siku 56. Kwa waliocheleweshewa tiba hiyo, ilichukua siku 82 kufikia nusu.

Vena inayochomwa mara nyingi ni vena kubwa ya safena. Hii huanzia kifundo cha ndani, hupita pembeni mwa goti na paja, na huingia kwenye vena ya kina pale kinenani. Nyingine ni vena ndogo ya safena, iliyo nyuma ya kigimbi. Wengi huuliza damu itapita wapi zikizibwa. Jibu ni kwamba karibu asilimia 90 ya damu ya mguu hupita kwenye vena za kina, zilizo katikati ya misuli. Vena ya juu iliyoharibika haisaidii kurudisha damu. Huirudisha chini, ikazidi kuubebesha mguu mzigo.

Kinachofanyika chumbani

Kazi huanza mgonjwa akiwa amesimama. Daktari hupitisha kipimo cha altrasaundi ya dopla kutoka kinenani kushuka chini, kisha hukiminya kigimbi kwa mkono na kukiachia ghafla. Damu iliyopandishwa na mminyo huo huonekana kwenye skrini ikirudi chini. Ikiteremka kwa zaidi ya nusu sekunde, vali hazifanyi kazi. Hapo ndipo daktari huchora kwa kalamu, juu ya ngozi, njia ya mshipa utakaotibiwa.

Mgonjwa akishalala, watu wote chumbani huvaa miwani maalumu, naye pia, kwa sababu mwanga wa leza unaweza kuunguza sehemu ya ndani ya jicho. Sindano huchomwa karibu na goti, na kupitia tundu hilo uzi mwembamba wa kioo hupandishwa ndani ya vena hadi ncha yake isimame kama sentimita 2 kabla ya mdomo wa vena ya kina. Taa zikipunguzwa, nukta nyekundu ya mwanga wa kuongoza inaweza kuonekana ikitembea chini ya ngozi.

Kisha hufuata hatua ambayo kwa wagonjwa wengi ndiyo inayouma kuliko zote. Maji ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi ya lignokaini, adrenalini na baikabonati huingizwa kwa sindano nyingi kandokando ya mshipa wote. Njia hii ya ganzi ilielezwa mwaka 1987 na Jeffrey Klein, daktari wa ngozi wa California, kwa ajili ya kazi ya kunyonya mafuta mwilini. Kwenye tiba ya vena hufanya kazi tatu: hutuliza maumivu, huubana mshipa ukaushike uzi wa leza, na huweka koti la maji kati ya moto na ngozi. Ngozi kuungua na neva kuumia, mara nyingi, huanzia pale koti hilo lilipowekwa jembamba au kwa haraka.

Leza ikiwashwa, daktari huuvuta uzi taratibu kurudi chini. Ukuta wa vena huungua, hunywea na kujifunga. Kazi yote huchukua kati ya nusu saa na saa moja. Mguu hufungwa bendeji au huvalishwa soksi ya kubana, na mgonjwa huambiwa asimame atembee.

Wapo wanaoogopa kwamba mwanga huu huleta saratani. Leza haihusiani na mionzi ya eksirei wala ile inayotumika kutibu saratani. Kinachounguza hapa ni joto, na joto likishazimwa hakuna kinachobaki mwilini kikiendelea kuchoma.

Wiki ya kwanza

Dhara linalowapata wengi ni damu kuvilia chini ya ngozi, hasa upande wa ndani wa paja. Hutokana na matundu ya sindano za ganzi, na pengine na ukuta wa vena kutoboka mahali mwanga ulipokolea. Huanza kufifia baada ya wiki moja hadi mbili.

La pili ni maumivu, nayo yana tabia ya kuwashangaza watu. Siku mbili za kwanza mgonjwa hujisikia nafuu na kudhani amevuka. Kati ya siku ya tano na ya kumi paja huanza kuuma upya, na akinyoosha goti anahisi kama kamba inavutwa kutoka gotini hadi kinenani. Akipapasa, anaigusa kamba yenyewe: ngumu, nyembamba, ikiuma inapobonyezwa. Hiyo ni vena iliyozibwa ikinywea na kuanza kumezwa na mwili. Si jipu wala si mshipa mpya. Hulainika kwa wiki kadhaa na kutoweka kwa miezi.

Wakati mwingine matawi ya juu yaliyobaki na damu ndani yake huvimba na kupata moto. Hali hiyo hutulizwa kwa kutembea, kuvaa soksi ya kubana na kumeza dawa za kutuliza uvimbe kama ibuprofeni. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asimeze ibuprofeni kabla ya kumuuliza daktari.

Hapa msomaji mwenye ngozi nyeusi aangalie jambo moja. Vipeperushi vingi vya tiba hii vimeandikwa Ulaya na Marekani, na humwambia mgonjwa aangalie wekundu. Kwenye ngozi yetu uvimbe wa moto mara nyingi hauonekani mwekundu. Ngozi huwa nyeusi zaidi, au ya zambarau, au huvutika ikang'aa. Kipimo kizuri ni mgongo wa mkono: gusa mahali penye maumivu, kisha gusa mahali hapo hapo kwenye mguu wa pili. Upande wenye joto zaidi umevimba, hata kama jicho halioni kitu.

Soksi nayo ina masharti yake. Mwongozo wa NICE unasema ikitolewa baada ya tiba isivaliwe zaidi ya siku 7. Kwa joto la Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura hizo siku 7 si chache, na wengi huivua mapema kwa sababu ya jasho na kuwashwa. Anayeshindwa kuivumilia amwambie daktari, asifiche. Mwenye kisukari, au anayeumwa vigimbi anapotembea, apimwe kwanza mishipa inayopeleka damu mguuni, kwa kuwa soksi ya kubana inaweza kumdhuru mtu ambaye damu haimfiki vizuri unyayoni.

Ganzi, madoa na kuungua

Kundi la pili la madhara ni lile linalochelewa kuondoka. Chini ya goti, neva ya safena hupita bega kwa bega na vena kubwa. Nyuma ya kigimbi, neva nyingine iitwayo surali huikaribia vena ndogo. Joto likizifikia, mgonjwa hubaki na sehemu ya ngozi iliyokufa ganzi, au inayochomachoma, upande wa ndani wa mguu au pembeni mwa unyayo. Neva hizi ni za hisia, hazihusiki na kutembea, kwa hiyo mguu haupoozi. Kwa wengi hisia hurudi baada ya wiki au miezi. Kwa wachache ganzi hubaki moja kwa moja. Ndiyo sababu madaktari wengi huanzia karibu na goti badala ya kuteremka hadi kifundoni.

Madoa ni malalamiko mengine. Damu iliyovuja huacha chuma ndani ya ngozi, na mstari wa kahawia au mweusi hujichora juu ya njia ya mshipa. Hufifia kwa miezi kadhaa, pengine zaidi ya mwaka. Mwenye asili ya kuota makovu manene, yaani keloidi, amweleze daktari mapema, ingawa matundu ya leza ni madogo sana ukilinganisha na mikato ya upasuaji.

Ngozi kuungua ni nadra endapo maji ya ganzi yamewekwa ya kutosha, lakini hutokea, hasa kwa watu wembamba ambao vena zao zimelala karibu na ngozi. Maambukizi kwenye tundu la sindano nayo ni nadra. Dawa ya ganzi ikizidi kipimo, mgonjwa huhisi mdomo umekufa ganzi, ladha ya chuma ulimini na mlio masikioni. Aseme hapo hapo kitandani, asione haya. Zimeripotiwa pia ajali chache sana za kipande cha uzi au waya kusahaulika ndani ya mwili, na za njia isiyo ya kawaida kufunguka kati ya vena na ateri iliyo jirani.

Kuna hasara nyingine isiyotajwa mara kwa mara. Vena kubwa ya safena ndiyo madaktari wa moyo huichukua wanapotengeneza njia mpya ya damu kwa mgonjwa ambaye mishipa ya moyo imeziba. Ikishachomwa haiwezi kutumika tena. Vena iliyotanuka sana mara nyingi huwa haifai kwa kazi hiyo hata hivyo, lakini mwenye ugonjwa wa moyo anastahili kuambiwa kabla ya kuamua.

Donge la damu

Dhara linaloogopwa kuliko yote ni damu kuganda mahali isipotakiwa. Vena ya juu ikizibwa kwa joto, mabonge yaliyo ndani yake yanaweza kuota kuelekea kwenye vena ya kina. Madaktari wameyapanga katika madaraja manne. La kwanza, donge limeishia mdomoni mwa vena ya kina bila kuingia. La pili, limeingia lakini limeziba chini ya nusu ya njia. La tatu, limeziba zaidi ya nusu. La nne, limeziba njia yote. Daraja la kwanza kwa kawaida halihitaji dawa na la pili huangaliwa kwa karibu. La tatu na la nne huhitaji dawa za kuzuia damu kuganda.

Madonge haya hayaonekani kwa macho, na mara nyingi hayaumi. Huonekana kwa altrasaundi, na ndiyo maana kliniki nyingi humwita mgonjwa arudi kupimwa siku chache baada ya tiba. Anayekwepa kipimo hicho kwa kuwa "mguu hauumi" anajinyima ulinzi.

Kwa jumla, damu kuganda kwenye vena za kina baada ya leza huwapata chini ya mtu 1 kati ya 100. Ni idadi ndogo, lakini donge likikatika linaweza kusafiri hadi kwenye mapafu na kuua. Kwa hiyo kila mgonjwa, pamoja na watu wa nyumbani kwake, wazijue dalili hizi: mguu mmoja kuvimba ghafla kuliko mwenzake, kigimbi kuuma na kuwa kigumu, pumzi kukata bila sababu, kifua kuchoma mtu anapovuta hewa, kukohoa damu, au kuzirai.

Ikitokea mojawapo, aende kwenye kitengo cha dharura cha hospitali saa hiyo hiyo. Asiende duka la dawa kununua vidonge vya maumivu. Na mguu usichuliwe. Katika nyumba nyingi za kwetu mguu ukivimba hutafutwa mafuta na mtu mwenye mikono mizuri ya kuchua. Kwa mguu wenye donge la damu kitendo hicho kinaweza kulisukuma likang'oka.

Leza ya juu ya ngozi ni jambo jingine

Yote yaliyoelezwa hapo juu yanahusu leza inayopita ndani ya mshipa. Hiyo haibagui rangi ya mtu, kwa kuwa mwanga wake hauvuki ngozi kufika kwenye vena. Ipo leza nyingine, inayomulikwa kutoka nje ili kufuta vimishipa vyembamba vyekundu au vya bluu vilivyotandaa kama utando wa buibui. Hapo rangi ya ngozi ni suala zito.

Ngozi nyeusi ina melanini nyingi, na melanini hunyonya mwanga kabla haujakifikia kimishipa. Mwanga ulionyonywa hugeuka joto, na ngozi ndiyo inayoungua: malengelenge, kisha madoa meupe au meusi, na wakati mwingine makovu ya kudumu. Kipimo cha rangi ya ngozi kinachotumika hadi leo kupangia nguvu za leza kilianzishwa na daktari Thomas Fitzpatrick wa Marekani mwaka 1975, na mwanzoni kilihusu watu weupe tu. Makundi ya watu wa rangi ya kahawia na weusi yaliongezwa baadaye.

Leza ya aina ya Nd:YAG yenye mawimbi ya nanomita 1064 ndiyo iliyo salama zaidi kwa ngozi yetu, kwa kuwa hunyonywa kidogo na melanini na huzama ndani zaidi. Hata hiyo inahitaji mtaalamu, kifaa cha kupoza ngozi, na majaribio kwenye sehemu ndogo kabla ya kuendelea. Mtu ambaye amekuwa akijipaka mkorogo au krimu zenye steroidi aseme ukweli, kwani steroidi hukondesha ngozi na kuchelewesha kupona. Na kazi hii isifanyiwe saluni. Kutoa vinyweleo kwa leza hakumfanyi mtu awe mtaalamu wa mishipa ya damu.

Kumulika vimishipa vya juu wakati vena kubwa ya chini inavuja pia ni kupoteza fedha: chanzo kisipozibwa, vimishipa hurudi.

Ikilinganishwa na njia nyingine

Madhara ya tiba hupimwa haki yanapowekwa kando ya madhara ya njia nyingine. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walitangaza matokeo ya utafiti uitwao CLASS, uliofuatilia wagonjwa 798 waliotibiwa kwa leza, kwa povu la dawa linalodungwa ndani ya vena, au kwa upasuaji. Madhara yaliyotokana na tiba yenyewe yalikuwa takriban asilimia 1 kwa leza, 6 kwa povu na 7 kwa upasuaji. Matukio makubwa ya kiafya yalikuwa karibu asilimia 3 katika makundi yote. Baada ya miaka 5, waliotibiwa kwa leza au upasuaji walikuwa na hali nzuri ya maisha kuliko waliodungwa povu.

Kwa upande wa maumivu leza haikuongoza. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2011 wenye wagonjwa 500 ulionyesha kwamba waliochomwa kwa mawimbi ya redio na waliodungwa povu waliumwa kidogo na kurudi kazini mapema kuliko wa leza na wa upasuaji. Tangu hapo vifaa vimebadilika. Leza za mwanzo, za nanomita 810, 940 na 980, hunyonywa zaidi na damu, na nyuzi zake zilitoa mwanga kwa mbele. Za nanomita 1470 hunyonywa zaidi na maji yaliyomo kwenye ukuta wa vena, na nyuzi nyingi za sasa husambaza mwanga pande zote. Damu huvilia kidogo na maumivu hupungua. Kwa hiyo si kosa mgonjwa kuuliza mashine itakayotumika ni ya aina gani.

Hakuna njia kati ya hizi inayoahidi kwamba mishipa haitarudi. Vena iliyozibwa inaweza kufunguka, na nyingine iliyokuwa nzima inaweza kuharibika miaka ijayo.

Nani asubiri, nani aseme

Mjamzito husubiri ajifungue, kwa kuwa mishipa mingi hunywea yenyewe baada ya uzazi. Mwenye donge la damu kwenye vena za kina, asiyeweza kutembea, na ambaye damu haimfiki vizuri unyayoni hawafai kwa kawaida. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, aliyewahi kuganda damu yeye au ndugu yake, mwenye saratani, na mwenye selimundu waseme mapema, maana damu yao huganda kwa urahisi zaidi.

Mwenye selimundu ana sababu ya pili ya kuchunguzwa vizuri: ugonjwa wake huweza kuleta vidonda vya kifundoni vinavyofanana na vile vya vena. Wakazi wa pwani nao wakumbuke kwamba matende hutokana na minyoo inayoenezwa na mbu, na hayatibiwi kwa leza. Si kila mguu uliovimba ni mguu wa vena, na anayeuza tiba kabla ya kupima kwa dopla hastahili kuaminiwa.

Kwa wanaosafiri kutafuta tiba, safari ya kurudi ni sehemu ya tiba. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba safari ya kukaa kitini kwa saa 4 au zaidi huongeza hatari ya damu kuganda takriban mara mbili. Kutoka Mumbai hadi Dar es Salaam au Nairobi ndege huruka zaidi ya saa 5. Mgonjwa asipange tiba Jumatatu na ndege Jumatano. Abaki mpaka apimwe tena kwa altrasaundi, amuulize daktari ni lini ataruhusiwa kuruka, na aondoke na ripoti inayotaja vena iliyozibwa, aina ya leza na dawa alizopewa, ili daktari wa nyumbani awe na pa kuanzia.

Uliza kabla hujalala kitandani

Kuuliza si ujinga. Muulize daktari amefanya tiba hii kwa wagonjwa wangapi, na wangapi walipata matatizo. Muulize vena ipi inavuja na akuonyeshe kwenye skrini. Muulize utapimwa tena lini, na usiku wa manane ukipata tatizo utampigia nani. Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali haya. Anayekujibu kwamba tiba yake haina madhara yoyote amekwisha kukupa sababu ya kutafuta mwingine.

Wenye kliniki nao wana wajibu. Wawape wagonjwa karatasi ya Kiswahili, ukurasa mmoja tu, inayotenganisha mambo mawili: haya ni ya kawaida, vumilia, haya ni ya hatari, njoo sasa hivi. Iandikwe kwa kuzingatia ngozi nyeusi, itaje kuchua, itaje ndege. Fomu ya ridhaa ya Kiingereza ambayo mgonjwa hakuielewa haimlindi yeyote.

Leza ni tiba nzuri, na kwa mwenye kidonda kisichopona au mguu unaomnyima usingizi inaweza kumrudisha kazini. Anayeihitaji asiikimbie kwa sababu ya madhara yaliyotajwa hapa. Mengi yatapita ndani ya mwezi mmoja. Lakini aliyekwisha kutibiwa akiona mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake, au pumzi inakata, asingoje kesho. Aende hospitali sasa.